"Niwekee, wala usinipe hata nikikulilia": uzi kuhusu pesa, tamaa na kungoja

Muuzaji wa Langoni (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote.

Nina duka la rejareja hapa Langoni, Lamu, mwaka wa kumi na moja sasa. Unga, sukari, sabuni, betri, kadi za simu, na friji moja ya soda. Nakaa nyuma ya meza tangu baada ya alfajiri hadi saa nne usiku. Kuna jambo nimelizungusha kichwani muda mrefu, leo naliweka hapa mulichambue.

Mwaka juzi, kaskazi ikielekea kwisha, mvuvi mmoja niliyesoma naye chuoni alikuja dukani adhuhuri, shati bado lina chumvi. Alikuwa amelipwa pesa za kamba. Akahesabu shilingi 18,000 juu ya meza, akazifunga kwenye kipande cha gazeti, akanisukumia. "Niwekee. Za mashine ya mashua hizi. Wala usinipe hata nikikulilia." Nikazitia kwenye kopo la maziwa ya unga, nikalipandisha rafu ya juu kabisa, nikaandika daftarini.

Usiku wa tatu, baada ya isha, akarudi. Kuna kijana ameleta simu kutoka Mombasa, kioo kikubwa, anataka 15,000, na kesho anavuka Mokowe kuondoka. "Nipe zangu." Nikamwambia siwezi, wewe mwenyewe uliniusia. Akaniuliza, kwa sauti ambayo barazani waliisikia: "Pesa ni zangu au ni zako?"

Swali lile lilinikaa kooni. Pesa ni zake, haki yake. Lakini neno la adhuhuri nalo lilikuwa lake. Nikamwambia njoo kesho baada ya alfajiri, ukizitaka nitakupa bila neno. Akaondoka bila salamu.

Kesho yake hakuja. Wala siku ya pili. Baada ya wiki akaja mchana, macho mekundu, mtoto ana homa kali na amepelekwa hospitali. Alitaka 4,000. Nilishalishusha kopo kabla hajamaliza kusema.

Sasa swali langu. Mtu huyu si mjinga, wala si mvivu wa kusubiri. Anaweza kukaa na mshipi baharini usiku kucha akingoja samaki mmoja. Kwa nini yule wa adhuhuri na yule wa baada ya isha wawe kama watu wawili?

Nimesoma nilichoweza. Mwaka 1975 mwanasaikolojia wa Marekani, George Ainslie, alieleza kwamba thamani ya kitu akilini mwetu haipungui sawasawa kadiri kinavyokuwa mbali. Kikiwa mbali, hupungua polepole. Kikikaribia, hupanda ghafla. Njiwa wa maabara walimwonyesha hivyo, na binadamu hatukupishana nao sana. Mimi nalifananisha na mtu aliyesimama gatini: mtumbwi uliofungwa miguuni pake unaziba jahazi zima lililo upeo wa bahari. Jahazi halikupungua ukubwa. Mtumbwi ndio ulio karibu na jicho.

Jaribu hesabu hii. Nikikwambia chagua shilingi 1,000 leo au 1,200 wiki ijayo, wengi watachukua za leo. Nikikwambia 1,000 baada ya wiki 52 au 1,200 baada ya wiki 53, karibu kila mtu atasema: wiki moja ni nini, nipe 1,200. Wiki ni ile ile moja, na shilingi ni zile zile 200. Mwaka 1997 David Laibson aliitia hali hii katika hesabu ambazo wanauchumi wanazitumia hadi leo. Kabla yake, mwaka 1981, Richard Thaler na Hersh Shefrin walisema ndani ya kila mtu mna mpangaji na mtendaji. Thaler alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017. Rafiki yangu alikuja mpangaji adhuhuri, akaja mtendaji usiku.

Na pale kwenye meza, mimi nilikuwa mfanyakazi wa yupi?

Mvuvi wa Kizingitini

Kaka, salamu. Umeeleza vizuri, lakini ngoja nikuambie kitu ambacho watu wa duka hamkioni.

Pesa ya bahari ikiingia nyumbani haikai. Leo kuna harusi, kesho kuna matanga, kesho kutwa mjomba amekwama Faza anataka nauli. Huwezi kusema sina, kila mtu ameona mashua imerudi na nini. Kwa hiyo mvuvi akinunua simu usiku ule ule, usifikiri ni tamaa tupu. Simu haigawanyiki. Noti zinagawanyika. Wengine tunanunua vitu ili pesa isituponyoke kwa mikono ya watu.

La pili ni hizo ahadi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi wa Lamu, kama 4,600, walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya bandari mpya ya Lamu pale Kililana, iliyowaharibia uvuvi. Gati ya kwanza ilifunguliwa 2021, meli zikatia nanga, na sisi tukawa bado twaambiwa mambo yanashughulikiwa. Mtu aliyengojeshwa hivyo, ukimwambia subira huvuta heri, atakutazama tu.

Muuzaji wa Langoni

Bwana, umenigusa, na nakubali. La pesa kugawanyika nitalirudia chini, kwa sababu kuna watu waliolipima hapa hapa Kenya.

Kuhusu ahadi, wewe umesema kwa maneno machache yale ambayo wataalamu walichukua miaka kuyaona. Wengi mumesikia jaribio la Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford, miaka ya mwisho ya 1960: mtoto anawekewa kitamutamu mezani, anaambiwa ukingoja hadi nirudi utapata viwili. Lilivyosambaa ni kama kipimo cha tabia, huyu ana subira atafanikiwa, huyu hana basi ameharibika. Lakini Mischel huyo huyo, mwaka 1958, alichapisha utafiti alioufanya Trinidad. Watoto waliambiwa wachague peremende ya senti moja sasa, au ya senti kumi wiki ijayo. Aliona kwamba watoto ambao baba hakuwamo nyumbani ndio walioelekea zaidi kuichukua ile ndogo ya papo hapo. Nilipoisoma hiyo niliiweka simu chini nikanyamaza. Mtoto ambaye mtu mzima mmoja mkubwa maishani mwake hayupo, anaambiwa na mgeni "ngoja wiki ijayo nitakuletea". Kwa nini aamini?

Mwaka 2013 Celeste Kidd na wenzake wa Rochester, Marekani, walilijaribu jambo hilo moja kwa moja. Watoto 28. Kabla ya kitamutamu, kila mtoto aliahidiwa rangi nzuri za kuchorea na stika. Nusu yao waliletewa kweli. Nusu ya pili mtu alirudi mikono mitupu, akasema samahani, kumbe hatuna. Ndipo jaribio lenyewe likaanza. Waliotimiziwa ahadi walingoja kwa wastani wa dakika 12. Waliodanganywa, dakika 3. Ni watoto wa mji mmoja, umri mmoja. Kilichotofautiana ni kwamba hawa wamelipwa ahadi yao na wale bado wanadai.

Sisi tuna msemo kwamba ahadi ni deni, na kwa kawaida twamwambia anayeahidi. Naona twafaa kuutazama pia upande wa anayengoja. Mtu mwenye madeni mengi ya ahadi yasiyolipwa anafanya hesabu sahihi anapokula cha leo.

Mwalimu, Mokowe

Niongeze la Afrika, maana mara nyingi twaonyeshwa watoto wa Ulaya na Marekani peke yao.

Bettina Lamm na wenzake walilinganisha watoto wa miaka minne wa Wajerumani wa tabaka la kati na watoto wa Wanso, wakulima wa Kamerun. Watoto wa Kamerun hawakupewa peremende ya kizungu, walipewa puff-puff, maandazi ya kukaanga ya kule, ndugu wa kaimati zetu. Karibu 7 katika kila 10 walingoja hadi mwisho. Wajerumani hawakufika hata 3 katika 10. Tena watoto wa Kinso hawakuwa wakijipindapinda wala kuimba, walikaa tu, na wachache wakapitiwa na usingizi kitini. Wazazi wa kule humtarajia mtoto atulie na amtii mkubwa tangu mdogo, na mkubwa naye yupo kila siku.

Pia mwaka 2018 Tyler Watts na wenzake walilirudia suala la Mischel kwa watoto zaidi ya 900 wa Marekani, wengi wao wa mama wasiomaliza chuo kikuu. Uhusiano kati ya kungoja utotoni na masomo ya baadaye ulikuwepo, ila mdogo, na ulipungua kwa thuluthi mbili walipoangalia hali ya familia, mazingira ya nyumbani na uwezo wa akili wa mtoto tangu mdogo. Kwa hiyo tuwe waangalifu kumpiga mtoto muhuri.

Mama wa Mkomani

Wanangu, nawasoma tangu jana. Mimi sijui majaribio, lakini nitawaambia ya Ramadhani, kila mwaka nayaona na kila mwaka nayafanya.

Baada ya alasiri mwanamke akitoka na kikapu, njaa imemkaba, kila kinachonukia anakitaka. Viazi vya karai, sambusa, mkate wa mofa, kaimati za yule dada wa kona, tende aina mbili. Nyumbani pia umeshapika. Adhana ya magharibi ikilia, unakunywa maji, tende tatu, uji, na hamu yote imekwisha pale pale. Ile sinia unaitazama. Mwaka huu nilifanya hivi: orodha naiandika usiku baada ya daku, tumbo likiwa limeshiba, na mtoto ndiye anayekwenda sokoni na karatasi. Zimebaki pesa mpaka nikashangaa.

Lakini kwenye simu nimeshindwa. Mabinti wanaweka madera kwenye WhatsApp, rangi moja nzuri kuliko nyingine, unaandika "niwekee hilo", unabonyeza, umelipa. Mia nane, elfu moja na mia mbili. Chovya chovya humaliza buyu la asali, mwanangu, na mimi buyu langu nimelimaliza nikiwa nimelala kitandani.

Muuzaji wa Langoni

Shikamoo mama. Hiyo orodha ya daku, ningekuwa na uwezo ningeibandika mlango wa soko. Daniel Read na Barbara van Leeuwen waliwauliza wafanyakazi wa ofisi kule Amsterdam, matokeo yakatoka mwaka 1998: wiki ijayo tukuletee kitafunio gani? Walioulizwa wakiwa na njaa walichagua vya mafuta na sukari kwa ajili ya wiki ijayo, kana kwamba njaa ile ingewasubiri. Na wiki ilipofika, wengi waliokuwa wameagiza matunda walibadilisha wakachukua chokoleti. Tumbo lenye njaa haliwezi kumkadiria mwenye shibe, wala mwenye shibe hamkadirii mwenye njaa. Wewe umemchagua anayeandika orodha awe yule aliyeshiba. Sijaona dawa iliyo nzuri kuliko hiyo.

Nikija kwenye simu, mama, si wewe peke yako. Mwaka 2001 Drazen Prelec na Duncan Simester walichapisha jaribio ambamo watu walitaja bei watakayotoa kununua tiketi za mpira wa kikapu. Waliojua watalipa kwa kadi walitaja bei hadi maradufu ya waliojua watalipa taslimu. Noti ina uzito wake, unaiona ikitoka mkononi. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 ilituokoa na mengi, mimi simo katika wanaoilaani. Mzigo wangu wa Mombasa naulipia nikiwa hapa. Ila kile kituo kidogo cha kuhesabu noti, ambapo mtu alikuwa akipata nafasi ya kusema "ah, basi", kimeondoka.

Halafu mkopo ukaingia kwenye simu hiyo hiyo. M-Shwari ilipoanza mwaka 2012 ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Ukiisikia hivyo ni ndogo. Kopa 2,000, ada 150. Ukikopa tena kila mwezi kwa mwaka mzima, ada peke yake ni 1,800, na mkononi hukuwahi kushika zaidi ya zile 2,000. Mimi mwenyewe nimekopa kwa simu saa tano usiku, si M-Shwari, ni programu nyingine nisiyoitaja, nikanunua spika. Sikuwa na haja ya spika. Asubuhi niliitazama kwenye sanduku lake nikaona haya mbele ya mke wangu.

Binti wa Malindi

Kaka, nimesoma mahali kwamba nguvu ya kujizuia ni kama msuli, huchoka. Ukijizuia mchana, jioni huna kitu. Ni kweli? Maana mimi hapa Malindi nikitoka kazini ndipo nanunua ovyo.

Muuzaji wa Langoni

Dada, hilo lilitokana na Roy Baumeister, 1998: waliolazimishwa kula figili huku biskuti za chokoleti zikinukia mbele yao, waliacha upesi kutegua fumbo gumu. Likaenea dunia nzima. Lakini mwaka 2016 maabara 23 zilifanya jaribio la aina hiyo kwa pamoja, watu zaidi ya 2,000, na athari ilikuwa karibu na sifuri. Kwa hiyo mimi silitegemei. Uchovu upo, njaa ipo, na njia yako ya kurudi nyumbani inapita mbele ya maduka. Ningeanza na njia.

Maana kitu ambacho Mischel alikiona na hakisemwi sana ni hiki: mwaka 1970, yeye na Ebbe Ebbesen, vitamutamu vilipokuwa mbele ya macho watoto walingoja kama dakika moja. Vilipoondolewa machoni, kama dakika 11. Watoto wote ni wa shule moja. Waliongoja vizuri walikuwa wakijifunika macho, wakiimba, wakigeuza kiti. Hawakuwa na moyo wa chuma. Walikimbiza jicho.

Niliposoma hivyo niliitazama meza yangu. Pipi za kijiti zilikuwa mbele kabisa, urefu wa uso wa mtoto wa miaka mitano. Niliziweka hapo mwenyewe, nikijua. Mtoto anashika, mama analia na bei ya unga, mtoto analia na pipi, mimi napokea shilingi kumi. Nimezipandisha juu. Mauzo ya pipi yameshuka, na mama mmoja aliniambia "Allah akubariki" bila hata kunieleza kwa nini. Sisi wenye maduka tunajua tunachokifanya tukipanga bidhaa. Tusijifiche nyuma ya "mteja ana hiari".

Sasa la mvuvi wa Kizingitini, nimeliahidi. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifanya kazi na wanachama wa vyama vya kuchangishana magharibi mwa Kenya, matokeo yakachapishwa 2013. Kikundi kimoja walipewa sanduku la bati lenye kufuli, na ufunguo wao wenyewe. Kingine walipewa sanduku kama hilo, lakini ufunguo unabaki kwa afisa, halifunguliwi hadi lengo litimie. Munadhani lipi lilifanya kazi?

Mimi ningeapa ni lile la pili. Kumbe ni la kwanza. Waliopewa ufunguo wao waliongeza matumizi yao ya kinga ya afya, kama vyandarua, kwa zaidi ya asilimia 60. Lile la afisa halikuleta mabadiliko ya maana, kwa sababu mtu aliogopa kutia pesa ambazo mtoto akiugua usiku hazitoki. Na lile la kwanza lilisaidia kwa sababu pesa imeshapewa jina. Ndugu akija kuomba, unamwambia kwa haki, hii ni ya dawa. Hapo ndipo maneno yako, bwana, yanapoingia: noti zinagawanyika, lakini noti zenye jina hazigawanyiki kirahisi.

Nikarudi kwa swali la rafiki yangu, pesa ni zangu au ni zako. Usiku ule nilikuwa nataka kuwa lile sanduku la afisa. Kama ningekuwa hivyo hadi mwisho, siku ya homa ningemkatalia pia, na angekuwa na haki ya kunichukia. Kufuli la chuma halijui tofauti ya homa na simu. Jirani anaijua, na ndiyo maana mtu anakuja kwa jirani.

Tangu hapo nimeweka utaratibu, tukakubaliana na kila aliyeniomba. Makopo ni tisa sasa. Kila kopo lina karatasi ya kazi yake: mashine, ada ya shule, paa, maziko ya mama. Sichukui senti. Anayetaka zake kwa kununua kitu anakuja baada ya alfajiri, si usiku, na nampa bila kumuuliza. Mgonjwa au msiba, agonge mlango saa yoyote. Daftari ni mbili, moja yangu na moja yake, tunatia sahihi pamoja, maana mimi ni binadamu na pesa za watu ni fitina. Na kila Ijumaa mtu anaweza kuja kuzihesabu kwa mkono wake. Wengi wanakuja. Wanazimwaga mezani, wanazihesabu, wanazirudisha. Mwanzoni nilidhani hawaniamini. Baadaye nikaona zile noti zikikaa mezani zinaanza kufanana na kitu chenyewe, wanaiona mashine, wanaliona paa.

Mvuvi wa Kizingitini

Na huyo jamaa, mashine alinunua?

Muuzaji wa Langoni

Alinunua, ya mkono wa pili, mwezi wa Rajabu, baada ya kuongeza pesa mara tano au sita na kutoa mara mbili. Salamu tulirudishiana siku ile ile ya homa, hatukuwahi kuizungumza ile ya usiku.

Jumatatu iliyopita alikuja baada ya alfajiri na shilingi 3,000. Nikachukua karatasi na kalamu nimwandikie, nikamuuliza ni za nini. Akasema, "Andika simu."

Nimeandika. Kopo liko rafu ya juu, la pili kutoka kushoto.